Mume Wangu Amempimia Mama Yangu Shimo la Kokoto

Bi Zamzam mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Mchafukoge, na kila nikimaliza kusoma barua za wenzangu huwa nasema, jamani, watu wana mambo, sikujua kwamba na mimi siku moja nitashika kalamu niyamwage ya kwangu, lakini maji yamenifika shingoni na hapa nyumbani sina wa kumwambia, maana mtu ambaye ningemwambia ndiye huyo huyo aliyenifikisha hapa.

Mume wangu, nimwite baba Eliasi, ni mkaguzi wa serikali. Watu wa machimbo wakiomba ardhi, iwe ya mchanga, iwe ya mawe, iwe ya kokoto, yeye ndiye anayekwenda kuitazama kwanza, anaipima, anaangalia nani anakaa hapo na amelima nini, kama kuna kisima, kama kuna makaburi, anamuuliza mwenye shamba kama ana neno, kisha anarudi mjini anaandika kama kibali kitolewe au kisitolewe. Ni kazi ya heshima na imetulisha, sikatai, hata hivi vyumba viwili tulivyopewa huku ghorofani ni kwa sababu ya kazi hiyo.

Sasa sikiliza habari za mama yangu. Mama mzazi anaishi nje ya mji, njia ya Bagamoyo, kwenye kilima ambacho sitakitaja. Yeye na marehemu baba walitoka Masasi wakati wa mkoloni, wakafyeka pori pale wakati hakuna mtu aliyelitaka, wakapanda minazi na mikorosho, na baba alipofariki tukamzika juu kabisa, kati ya mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake. Mihogo na nazi ninazouza Kariakoo zinatoka kwenye shamba hilo, mama anapakia kwenye lori, mimi napokea sokoni, ndivyo tunavyoishi. Upande wa pili wa kilima kuna machimbo ya kokoto ya shirika moja. Zamani walikuwa huko kwao na sisi huku kwetu, baruti ikilia vikombe vinatikisika, mama anasema, "Wameanza hao," anaendelea kukuna nazi yake. Lakini sasa mji unajengwa kila pembe, kokoto za huko zimewaishia, wameomba kibali chao kipanuliwe, na kinapopanukia ni kwa mama.

Na mkaguzi aliyepewa kazi hiyo, Bi Zamzam, ni mume wangu.

Nilimwambia, baba Eliasi, lile ni shamba la mama, mwachie mwenzako. Akanijibu, "Ofisi haijui mkwe, mama Eliasi. Nikikataa watasema nalinda mali za ukweni. Na afadhali niende mimi ninayemheshimu kuliko aende mtu asiyemjua." Maneno matamu hayo, nani asingeyaamini? Tena alikuwa ameniambia kwamba kazi hii ikienda vizuri huenda akapandishwa cheo, tukahamia Upanga kwenye nyumba yenye uwanja watoto wapate pa kuchezea, nami mjinga nikafurahi, nikapita hadi dukani kwa Rajnikant nikachagua kitambaa cha mapazia, akanikunjia akaniwekea pembeni. Sikujua kwamba nashangilia msiba wangu mwenyewe.

Akaniambia twende wote. Nilidhani ananichukua kwa mapenzi, kumbe alinihitaji. Wewe ni mtu wa pwani, Bi Zamzam, sijui kwenu ikoje, lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkwe akitokea njiani, mama anaingia porini mpaka apite. Mkwe akifika nyumbani, mama yuko jikoni, hatoki, wala mkwe hatupi jicho huko. Wakiwa na neno la kuambiana, linapita kwa binti. Baba Eliasi naye ni wa Masasi, amelelewa hivyo hivyo, hana wa kumdanganya kwamba hakujua.

Tulipofika na Landrova ya ofisi, mama aliona tu kofia ya mkwewe akatupa ufagio akakimbilia jikoni, na humo akakaa tangu tulipofika mpaka tulipoondoka, na moshi wote ule. Baba Eliasi na watu wake wa ofisini wakapanda kilimani kana kwamba nyumba haina mwenyewe. Wakavuta mnyororo wa kupimia, wakachimba vishimo, wakagongagonga miamba kwa nyundo, wakatia mawe kwenye mifuko, mikorosho ya baba ikapakwa rangi nyekundu ili ijulikane mpaka unaishia wapi. Meneja wa machimbo, Bwana Shaibu, alikuwa nao, na alipofika juu kwenye kaburi la baba, msalaba ulishaoza zamani limebaki jiwe la kichwani tu, akaweka mguu juu ya jiwe lile akafunga kamba za kiatu. Nililiona hilo kwa macho yangu. Mume wangu alisimama hapo hapo na daftari lake, na yeye ndiye aliyelibeba jeneza la baba yangu, na hakufungua mdomo.

Wakashuka. Baba Eliasi akasimama katikati ya uwanja, jiko amelipa mgongo, akasema kwa sauti ya ofisini, "Mama Eliasi, hebu muulize mama kama ana neno," nikaingia jikoni, mama akasema maneno yake ya uchungu, unajua tena wazee, nikatoka nikakuta Bwana Shaibu ameshaweka mguu kwenye gari, wanaume wote wananikodolea macho, nikasema mama anawasalimu, basi tukaondoka, na njia nzima baba Eliasi anapiga miluzi.

Siku chache baadaye nikiwa sokoni akaja Shomari, mwenyekiti wa kijiji cha kwa mama, akaniambia, "Dada, hongereni. Kumbe mama amekubali?" Nikamwambia amekubali nini? Akasema taarifa ya mkaguzi imesomwa mkutanoni, imesema mwenye shamba aliulizwa kwa kupitia binti yake na hana pingamizi. Na makaburi je? Akasema imeandikwa hakuna makaburi yanayotambulika. Bi Zamzam, nilikaa chini pale pale juu ya magunia, wateja wakadhani naumwa.

Jioni nikamkabili. Nikamwambia umemzika baba yangu mara ya pili. Hakushtuka hata kidogo, akasema, "Niliuliza, nikajibiwa. Wewe mwenyewe ulitoka jikoni ukasema mama anasalimu. Mtu mwenye pingamizi anatoa salamu?" Eti anataka kunitia na mimi! Mtu na elimu yake hajui kwamba salamu ni salamu? Nikamwambia na kaburi je, nalo lilikusalimu? Akasema, "Ardhi ni mali ya umma, mama Eliasi. Hatuwezi kujenga nchi kwa kuogopa minazi." Nikamwambia jenga na kwenu Masasi basi, kachimbe kaburi la baba yako wewe. Akavaa shati akatoka.

Halafu likaja gunia. Mama alipakia mihogo kama kawaida, lakini wachukuzi walipolishusha wakalalamika, mbona mihogo ya leo mizito? Nikalifungua, juu mihogo, chini kokoto tupu. Dereva akaniambia huku anaona haya, "Bibi kasema hizo ni za mkwe wake. Achemshe ale, si ndizo alizozitaka." Mama anamwambia kila mtu kule kilimani kwamba alimtumia mkwewe neno akalidharau mbele ya wageni, na kwamba tangu aanze kuwa na wakwe hajaona mwenye moyo mgumu kama huyu. Ameapa kwamba akifa, baba Eliasi asishike jembe la kumzika. Nilipomwonyesha baba Eliasi zile kokoto alizitazama muda mrefu, akasema, "Lakini mama alinisalimu," akaenda kulala bila kula. Sikumjibu. Nimjibu nini mtu kama huyo? Kokoto nimezitia kwenye debe nyuma ya mlango, kuzitupa nashindwa na kuzitazama nashindwa.

Wiki ijayo kamati ya wilaya itakwenda kilimani kukagua kwa mara ya mwisho, baba Eliasi atawaongoza, na wakishuka hapo kibali kinapigwa muhuri. Waswahili wamesema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kinachonila nalala nacho kitanda kimoja. Naomba uniambie, nisimame mbele ya kamati nimwite mume wangu mwongo? Au nifungashe nirudi kwa mama, ambaye naye kesho hana pa kunipokea? Nisaidie, Bi Zamzam, siku zinakwenda na nyumbani hatusemezani.

Ni mimi,
Mwenye Uchungu, Mchafukoge.


BI ZAMZAM ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Nakupa pole kwanza na uishike, maana mbele huko sina nyingine.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Umeniandikia habari za moshi wa jikoni. Umeniandikia mnyororo, nyundo, rangi nyekundu, kamba za viatu vya Bwana Shaibu, hata miluzi ya mumeo garini. Una jicho kali na kumbukumbu nzuri. Sasa niambie, mama yako alisema nini mle jikoni?

Hukuandika. "Maneno yake ya uchungu, unajua tena wazee." Sijui mimi, mwanangu. Sikuwemo. Uliyekuwemo ni wewe peke yako, na maneno hayo yameingia masikioni mwako yakaishia hapo. Mumeo hakuyasikia. Meneja hakuyasikia. Mimi niliyeandikiwa barua ndefu hivi nimeyatafuta nimeyakosa. Mama yako alikataa, hilo halihitaji mganga, gunia limesema. Lakini pale uwanjani kilichotoka kinywani mwako ni salamu.

Kwetu pwani pia tunajua haya za ukwe, usidhani umenifundisha kigeni. Binti kati ya mama na mkwe ni mjumbe, na wazee walisema mjumbe hauawi. Walimkinga mjumbe ili apate kusema. Hawakumkinga ili anyamaze. Mama yako alikaa kwenye moshi akiwa hana wasiwasi, kwa sababu alijua mdomo wake uko nje uwanjani, umevaa kanga, umesimama mbele ya wanaume. Nao mdomo ulipotoka ukaona macho ya wakubwa ukalegea.

Uliogopa. Kuogopa si dhambi, hata mimi nimewahi kumeza neno mbele ya wanaume wenye magari. Lakini usiniambie ni hofu peke yake. Na mapazia? Kile kitambaa kilichokunjwa kikawekwa pembeni kwa Rajnikant, ulikisahau ulipotoka jikoni? Hilo jibu usiniletee mimi, jijibu mwenyewe, tena ujijibu kweli.

Mumeo simwachi, asome na yeye kama ananunua gazeti. Baba Eliasi, mkaguzi anayekwenda kukagua shamba la mkwewe ni sawa na refa aliyevaa jezi ya timu moja ndani ya shati lake. Ulitakiwa ukatae kazi ile siku ile ile, na ofisi ingekuheshimu. Ulijua kwamba mama huyo hawezi kutoka jikoni, ukauliza swali ambalo adabu imeshamfunga mdomo asilijibu mwenyewe, ukapokea salamu ukaiandika ridhaa. Na kuhusu kaburi la yule uliyebeba jeneza lake, hakuna mtu aliyekutumia salamu. Hilo uliliona kwa macho yako mwenyewe, ukaandika halitambuliki. Msalaba ukioza marehemu haondoki. Unasema ardhi ni mali ya umma. Ni kweli. Na mama mkwe wako ni nani, kama si umma? Nchi inayojengwa kwa kokoto za mtu ambaye hakuulizwa, sisi tulidhani tumeiondoa mwaka wa sitini na moja.

Sasa turudi kwako, mwanangu, maana siku zinakwenda kama ulivyosema.

Leo hii, kabla hujalala, mwambie mumeo mama alisema nini. Neno kwa neno. Usianze na baba yake wala kaburi la kwao Masasi, usianze na kilio. Mwambie, mama alikataa, mimi nikakuficha. Mtu huyo alizitazama kokoto akasema "lakini mama alinisalimu" akaenda kulala na njaa. Mtu mwongo hasemi hivyo, mwanangu, mwongo angecheka. Ana makosa yake na nimemwambia, lakini kwa hilo moja alikuwa anakusubiri umjibu, nawe ukanyamaza mara ya pili. Ukishamwambia, mtake aandike ofisini kwamba shamba lile ni la mkwewe, kwamba taarifa ile haikusema kweli, na kwamba kaburi lipo na yeye analijua. Akiandika, bado ana mke na pengine bado ana kazi. Akikataa, hapo utakuwa umejua umelala na nani, nami sitakuzuia kufungasha.

Kisha nenda kilimani kabla ya kamati. Usipeleke sukari, usipeleke kanga mpya. Mama yako amekuwa akimtukana mkwe wake kijiji kizima kwa neno ambalo mkwe hakufikishiwa, na wewe umemwacha atukane kwa sababu lilikufaa. Mwambie. Atakupiga kwa maneno, na ikibidi kwa mwiko, vumilia. Baada ya hapo mkamwone Shomari, muwaite wazee waliokuwepo mazikoni, mkafyeke pale kaburini, mkasimamishe msalaba mwingine mnene, na jina la marehemu liandikwe. Kamati ikipanda isiweze kusema haikuona.

Na siku hiyo mama asitoke jikoni kama hataki. Adabu yake ibaki yake, hatutaivunja kwa ajili ya kokoto. Wewe simama mlangoni. Apitishe neno, ulitoe nje kama alivyolitoa, usilipunguze ukali na usilitie asali. Macho ya wanaume yatakukodolea tena. Yaache yakodoe.

Siwezi kukuahidi kwamba kilima kitabaki. Nimekaa mji huu nimeona vilima vingi vikiondoka kwenye malori, na baadhi ya wenyewe walipiga kelele sana. Huenda muhuri ukapigwa hata hivyo. Lakini mama yako akiondolewa pale, aondoke akijua kwamba alisema hapana na watu wakamsikia. Sasa hivi hata hilo hana, na aliyemnyang'anya si Bwana Shaibu.

Kuhusu lile debe nyuma ya mlango. Unasema kuzitupa unashindwa. Unashindwa kwa sababu unajua. Mama alitaja jina la mkwe kwa kuwa hakujua jina jingine la kutaja, lakini gunia lilipakiwa kwako na limefika kwa mwenyewe. Ukienda kilimani zibebe kichwani, umrudishie, umwambie zilikuwa zako.

Bi Zamzam